Duka la miaka mingi bila mkataba: mwongozo kamili kwa mpangaji na mwenye jengo nchini Kenya

Kuna maduka Biashara Street, Mombasa, na mengine River Road, Nairobi, ambayo baba alikodi, mtoto akarithi kaunta, na hadi leo hakuna karatasi iliyotiwa saini. Kodi hulipwa mwanzo wa mwezi, zamani mkono kwa mkono, siku hizi kwa M-Pesa. Kisha jengo linauzwa, au mzee mwenye jengo anafariki, na mpangaji anaulizwa: "Mkataba wako uko wapi?" Wengi, kwa kukosa la kujibu, huanza kufunga mizigo.

Wasifunge. Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, iliyotungwa mwaka 1965 kwa ajili ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, inamlinda hasa mtu wa namna hii. Mara nyingi asiye na maandishi yoyote yuko salama kuliko aliyetia saini mkataba mrefu ulioandaliwa na wakili wa mwenye jengo. Tatizo ni kwamba ulinzi huo umefungwa kwenye fomu na tarehe. Anayezijua hukaa. Asiyezijua hutolewa hata akiwa na haki yote, na kwa upande wa pili, mwenye jengo asiyezijua hupoteza miaka akimfukuza mtu ambaye angemtoa kihalali kwa muda mfupi zaidi.

Hatua ya 1: Hakikisha sheria hii inakuhusu

Upangaji unaolindwa na Sura ya 301 ni wa duka, hoteli au mkahawa ambao ama haukuandikwa kabisa, ama uliandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, ama uliandikwa kwa muda wowote lakini una kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka 5 ya kwanza bila mtu kukosea masharti.

Neno "duka" hapa ni pana. Linajumuisha biashara ya rejareja, ya jumla, na mahali popote panapotolewa huduma kwa malipo. Kwa hiyo kinyozi, saluni, fundi cherehani, kliniki, ofisi ya wakili na anayetengeneza simu Luthuli Avenue, wote wamo.

Wasiokuwamo ni wale ambao upande mmoja wa upangaji ni serikali au mamlaka ya eneo. Ukikodi kibanda katika soko la kaunti, mwongozo huu hautakufaa sana. Mambo yako yako kwenye kanuni za soko hilo.

Sasa utaelewa kwa nini mikataba mingi ya majengo mapya huwa ya miaka 5 na miezi 3, au miaka 6. Si nambari za bahati. Mawakili wa wenye majengo huvuka ule mstari wa miaka 5 makusudi ili mpangaji awe nje ya Sura ya 301. Ukiletewa mkataba wa aina hiyo baada ya kukaa miaka mingi bila karatasi, jua unaombwa kuuacha ulinzi ulionao. Huenda bei inayotolewa inafaa, lakini usitie saini kwa kudhani ni utaratibu wa kawaida tu.

Na kama uliwahi kuwa na mkataba ukaisha muda, nawe ukaendelea kukaa huku kodi ikipokelewa? Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 60, inasema mwenye jengo akiendelea kupokea kodi kwa miezi 2 baada ya mkataba kuisha, upangaji wa mwezi kwa mwezi unahesabiwa kuwa umezaliwa. Upangaji huo mpya haukuandikwa popote, na kwa duka hilo ndilo jambo linalokurudisha chini ya Sura ya 301.

Hatua ya 2: Jenga faili kabla ya ugomvi

Kukosa mkataba si kukosa ushahidi. Lazima uweze kuonyesha kwamba wewe ni mpangaji, unalipa kiasi fulani, na umelipa kwa wakati. Pakua taarifa zako za M-Pesa na za benki, uzichape. Kusanya risiti za zamani hata zilizochakaa, leseni za biashara za kila mwaka zenye jina la jengo, bili za stima na maji, barua za wakala wa nyumba. Weka pia picha za matengenezo uliyofanya kwa pesa zako na, muhimu zaidi, ujumbe wowote wa mwenye jengo akikubali uyafanye. Hiyo ya mwisho ina thamani utakayoiona mbele.

Sheria pia inamtaka mwenye jengo aweke kitabu cha kodi chenye majina ya wahusika, maelezo ya jengo, kila malipo na kila ukarabati, na ampe mpangaji nakala. Ni wachache mno wanaofanya hivyo. Omba kwa barua. Hata usipopewa, barua yako yenyewe inaingia kwenye faili.

Familia zinazorithishana duka zina kazi moja ya ziada. Ikiwa risiti bado zinatoka kwa jina la marehemu baba, andika kumjulisha mwenye jengo kwamba wewe ndiye unayeendesha biashara na kulipa kodi, na uombe risiti kwa jina lako. Vivyo hivyo kwa aliyenunua duka kwa kulipa gudwili, yaani bei ya jina na wateja wa duka, kwa mpangaji wa zamani. Gudwili uliyompa mwenzako haimfungi mwenye jengo aliyekuwa hajui lolote, na kumpangisha mtu mwingine bila idhini ni kosa linaloweza kutumika dhidi ya duka zima.

Hatua ya 3: Notisi ikifika, anza na tarehe

Kwa upangaji huu, mwenye jengo hawezi kuuvunja wala kubadilisha sharti lolote kwa hasara yako ila kwa notisi iliyo katika fomu maalumu ya kisheria, ile inayoitwa Fomu A. Ujumbe wa WhatsApp si notisi. Barua kali ya wakili yenye "siku saba" si notisi. Tangazo lililobandikwa mlangoni na mtunza jengo pia si notisi. Mahakama ya Rufaa ilishalishikilia hili katika rufaa nambari 203 ya 1994, iliyohusu butiki moja ya Diani: utaratibu wa sheria hii ni wa lazima, fomu ikiwamo.

Kagua mambo matatu. Je, iko katika fomu inayotakiwa? Je, inataja sababu, na inakutaka ujibu kwa maandishi ndani ya mwezi 1 kama unakubali au hukubali? Je, tarehe ya kuanza kazi ni angalau miezi 2 tangu siku ulipoipokea?

Hapo pa mwisho ndipo wengi hukosea hesabu. Kinachohesabiwa ni siku ya kupokea, si siku iliyoandikwa juu ya barua. Tuseme notisi imeandikwa tarehe 25 Februari, ikakufikia 3 Machi, inakutaka uhame 1 Mei. Miezi 2 tangu 3 Machi inaishia 3 Mei. Notisi hiyo ni fupi, na ni mbovu. Kwa hiyo siku unapoipokea, andika tarehe na saa kwenye nakala yako, na aliyeipokea nani. Notisi inaweza kukabidhiwa kwako, kwa mtu mzima wa familia yako, kwa mfanyakazi wa dukani, au kutumwa kwa posta ya rejista. Kijana wa kaunta akiipokea akaitupa kwenye droo, siku zimeshaanza kuhesabika. Waambie wafanyakazi wako hilo leo.

Notisi mbovu isikulevye. Usikae kimya eti haina nguvu. Ipinge kama unavyopinga iliyo sahihi, na ubovu wake uwe hoja yako ya kwanza.

Hatua ya 4: Jibu, kisha peleka shauri kwenye Jopo

Hizi ni kazi mbili tofauti, na mtu akifanya moja akaacha nyingine amejiweka pabaya.

Ya kwanza ni jibu la maandishi ndani ya mwezi 1 tangu kupokea. Halihitaji ufasaha. Linaweza kuwa hivi:

"Nimepokea notisi yako ya tarehe fulani, iliyonifikia tarehe fulani, kuhusu duka nambari fulani. Sikubali kutekeleza notisi hiyo, na nitapeleka shauri mbele ya Jopo. Naendelea kulipa kodi ya kila mwezi kama kawaida."

Tia saini, peleka kwa njia itakayoacha alama: nakala iliyogongwa muhuri wa ofisi ya wakala, posta ya rejista, au barua pepe anayoitumia siku zote.

Ya pili, ambayo ndiyo yenye nguvu, ni kufungua shauri katika Jopo la Kodi za Majengo ya Biashara, linalojulikana zaidi kwa herufi zake BPRT, kabla ya tarehe ambayo notisi inaanza kufanya kazi. Ukifungua ndani ya muda, notisi inasimama. Haina nguvu tena mpaka Jopo liamue. Usipofungua, na tarehe ikapita, notisi inatimia, na wewe unageuka mtu aliye kwenye jengo la mwenzake bila ruhusa. Jopo linaweza kumkubalia aliyechelewa ikiwa ana sababu ya kutosha, lakini hiyo ni huruma ya kuombwa, na hoja ya "nilidhani wananitisha" haijawahi kuwa sababu nzuri.

Unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Makao ya Jopo ni Nairobi na husikiliza kesi za miji mingine pia. Kwa shauri la kodi tu wapo wanaojisimamia vizuri. Kwa shauri la kuhamishwa kwenye duka linalolisha familia nzima, mimi ningemlipa wakili aliyewahi kusimama mbele ya Jopo hilo hasa, si wakili yeyote wa mtaani.

Hatua ya 5: Pima sababu iliyotajwa

Mwenye jengo hawezi kukutoa kwa kuwa amekuchoka au amepata mwingine wa kulipa zaidi. Kifungu cha 7 kinaorodhesha sababu zinazokubalika, na zinazotumika sana ni hizi nne.

Kodi. Ukiwa hujalipa kwa miezi 2 tangu kodi kuiva, au una mazoea ya kuchelewa, umempa sababu. Nasisitiza neno mazoea. Mpangaji wa miaka 20 anayelipa tarehe 20 kila mwezi badala ya tarehe 5, kwa kuwa mzee ni rafiki, anajijengea ushahidi dhidi yake mwenyewe. Mtoto wa mzee atakuja na taarifa ya benki.

Kuacha jengo liharibike, au kuvunja masharti mengine kwa kiasi kikubwa. Hapa huingia mambo ya kupangisha wengine bila idhini na kugeuza matumizi ya duka.

Kubomoa au kujenga upya. Haitoshi mwenye jengo kusema anataka kujenga. Anatakiwa kuonyesha nia ya kweli: michoro iliyoidhinishwa na kaunti, uwezo wa fedha, na kwamba kazi yenyewe haiwezekani ukiwa ndani. Kupaka rangi na kubadilisha vigae hakumpi haki ya kukutoa. Omba nakala za idhini hizo mapema. Mara nyingi hazipo.

Kutumia mwenyewe, kwa biashara yake au makazi yake, kwa muda usiopungua mwaka 1. Hii ina kizuizi kizuri: aliyelinunua jengo ndani ya miaka 5 iliyotangulia notisi hawezi kuitegemea. Sheria iliona mbali, kwamba mtu angeweza kununua jengo lenye wapangaji kwa bei ya chini kisha awatoe wote kwa kudai anataka kufungua duka lake.

Ikiwa Jopo litakubali uondoke, bado una la kudai. Lina mamlaka ya kuamuru ulipwe fidia kwa hasara ya gudwili ya biashara yako na kwa matengenezo uliyofanya kwa idhini ya mwenye jengo. Ndiyo maana nilisema ule ujumbe wa idhini uuhifadhi. Bila idhini, fremu mpya, dari na milango ya chuma vinabaki zawadi.

Hatua ya 6: Kodi ikipandishwa

Kupandisha kodi ni kubadilisha sharti kwa hasara yako, kwa hiyo nako kunahitaji Fomu A na miezi 2. Wakati shauri liko kwenye Jopo, endelea kulipa kodi ya zamani, kwa tarehe yake, bila kukosa hata mwezi mmoja. Usisitishe malipo kama njia ya kugoma, maana utaumba sababu ya kodi ambayo haikuwapo.

Usilipe pia kodi mpya "kwa sasa tu ili tusigombane". Baada ya miezi michache mwenye jengo atasema mlikubaliana, na rekodi ya M-Pesa itamuunga mkono.

Akikataa kupokea kodi ya zamani, mtumie hata hivyo kwa njia ile ile ya siku zote. Ikirudishwa, hifadhi ujumbe wa kurudishwa, mwandikie kwamba pesa iko tayari, na uombe Jopo litoe amri ya mahali pa kuilipa.

Kwenye kusikilizwa, kinachoamua ni kodi ya maduka yanayofanana na lako jirani: ukubwa, barabara, ghorofa, hali ya jengo. Kila upande huleta ripoti ya mthamini. Mpangaji asiyeleta yake analiachia Jopo ripoti moja tu, ya mwenzake. Kama gharama ni kubwa, wapangaji wa jengo moja wachange mthamini mmoja. Jopo likishapanga kodi, notisi nyingine ya kodi haiwezi kutolewa mpaka miaka 2 ipite. Kwa mambo mengine muda ni miezi 12. Kwa hiyo hata ongezeko usilolipenda linakununulia utulivu. Na njia hii ni ya pande zote mbili: mtaa ukifa, mpangaji naye anaweza kuomba kodi ikadiriwe upya.

Hatua ya 7: Kufuli, stima na madalali

Ukikuta kufuli juu ya kufuli lako, au stima imekatwa ili uchoke uondoke, usivunje na usipigane. Piga picha, ripoti polisi upate nambari ya tukio, kisha uwasilishe malalamiko kwenye Jopo siku hiyo hiyo au kesho yake, ukiomba amri ya muda ya kufunguliwa. Jopo lina mamlaka ya kupokea malalamiko ya aina hii hata bila notisi yoyote kutolewa. Orodhesha bidhaa zilizofungiwa ndani na thamani yake ukiwa bado unakumbuka.

Dalali akija kuchukua mali kwa deni la kodi, mwambie akuonyeshe leseni na amri. Kwa upangaji unaolindwa, Jopo ndilo linaloruhusu kukamata mali kwa ajili ya kodi. Kama deni ni la kweli, usipoteze muda kwenye ubishi. Leta pendekezo la maandishi la kulipa kwa awamu, na awamu ya kwanza uilipe siku hiyo.

Jengo likibadilisha mikono

Mnunuzi ananunua jengo pamoja na wapangaji wake. Hana haki ya kudai "mkataba mpya" kama sharti la wewe kubaki. Mwombe tu uthibitisho wa umiliki na barua kutoka kwa mwenye zamani inayokuelekeza ulipe kwake, ili usije ukalipa mara mbili. Kuhusu pesa ya amana uliyoweka ulipoingia, pata maandishi kwamba imehamishwa kwa mnunuzi. Hili husahaulika mno na huibuka miaka baadaye mpangaji anapotaka kuondoka.

Mzee akifariki na watoto wakagawanyika, kila mmoja akidai kodi iende kwake, usichague upande wa unayempenda. Omba barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Asiyekuwa nayo hana mamlaka ya kupokea. Wakikosa wote, rudi kwenye njia ya Hatua ya 6 na uombe Jopo lielekeze.

Kwa mwenye jengo

Nimeandika sana upande wa mpangaji kwa kuwa ndiye hukurupushwa, lakini wenye majengo nao huumia. Kuna wajane wanaopokea kodi ya miaka ya tisini kwa duka lililo barabara kuu. Dawa si kufuli. Peleka Fomu A ya kuongeza kodi, na ripoti ya mthamini, kisha ujiandae kurudi kila miaka 2. Taja sababu unazoweza kuzithibitisha tu. Mpe mpangaji nafasi ya siku kadhaa zaidi ya miezi 2, usibane hesabu. Hifadhi uthibitisho wa kumkabidhi. Na akiwa amechelewa kodi, mwandikie kila mara inapotokea. Ukipokea kimya miaka 10, ni vigumu kuja kulalamika ghafla.

Nyumba ya kuishi

Hapa ulinzi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Sura ya 296, ya kudhibiti kodi za nyumba, inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kipimo chake kinarudi nyuma hadi kodi ya tarehe 1 Januari 1981. Nyumba nyingi za leo ziko nje yake. Kwa hizo, upangaji wa mwezi kwa mwezi unavunjwa, chini ya kifungu cha 57 cha Sheria ya Ardhi, kwa notisi isiyopungua kipindi kimoja cha kodi, inayoishia siku ya kulipa kodi. Hata hivyo, kung'oa mlango au kutupa vyombo nje bila amri ya mahakama si njia halali ya kumtoa mtu.

Baada ya uamuzi

Uamuzi wa Jopo unaweza kuwasilishwa mahakamani ukatekelezwa kama hukumu ya kawaida. Asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji, kwa hiyo pamoja nayo peleka ombi la kusimamisha, na usingoje siku ya 29, kwa sababu nakala ya uamuzi na mwenendo wa shauri huchukua muda wake kupatikana.